Mikono Miwili Kikapu Kimoja

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii humwonya anayepuuza kasoro ndogo kwa kuwa bado haijamuuma. Libérata, fundi cherehani wa Gisenyi, aliizingatia sana kwenye nguo, lakini kwa mwili wake alijitia hamnazo.

Jolly, binti wa kaka yake, ndiye pekee aliyejua kwamba shangazi ana uvimbe kwenye titi. Kila alipomsihi aende hospitali, jibu lilikuwa lile lile. "Iko kadogo, haiumi. Nimalize kwanza nguo za kwaya."

Siku ya mashindano ya sayansi shuleni, Jolly aliazima mikono ya magauni hayo ya kwaya ambayo haijaungwa bado. Libérata akaifuata hadi ukumbini, maana hakumwamini mtu na kitambaa chake.

Jolly aliipanga mikono miwili miwili katikati ya vikapu viwili. "Hizi ni kromosomu, zinabeba maagizo ya mwili," alieleza. "Kabla ya kugawanyika, seli hunakili kila moja, kisha huvuta nakala moja huku na nyingine kule." Akavuta nyuzi alizozifunga kwenye mikono. Lahaula, mikono yote miwili myekundu ikatua kikapu kimoja, kingine kikaambulia patupu. Kwa pupa yake alikuwa amezifunga nyuzi zote mbili upande mmoja.

Ukumbi uliangua kicheko. Jolly aliona haya, kisha akili ikamjia mbio. "Msicheke. Saratani nyingi zina kosa hili hili. Seli iliyogawanyika vibaya mara nyingi hufa. Ikinusurika, huzaa seli zenye kasoro, nazo hukosea zaidi, kila moja kivyake, hata dawa ikiziua hizi, zile huponyoka."

Libérata akasimama. "Donc, basi ni kama patroni mubaya, ile karatasi ya kukatia. Kila nguo unakatia juu yake inaharibika."

"Ndiyo, Tantine," Jolly alimjibu shangazi yake. "Na kila mukato unazidi ule wa kwanza."

"Na haiumi?"

"Mwanzoni haiumi."

Libérata akaketi, kiganja kifuani.

Jolly alishika nafasi ya pili na wala hakujali, kwani kesho yake walikwenda hospitali pamoja. Ilikuwa saratani kweli, ila ilikuwa bado changa. Ilikatwa, akatibiwa, akapona. Kwaya ilisubiri nguo zake bila kununa.

Siku hizi mteja akileta gauni lililofumuka na kusema iko kadogo, Libérata huvuta kiti karibu na cherehani. "Kadogo ndiyo ya kushona leo," humwambia. Naam, usipoziba ufa utajenga ukuta.