Barua Tatu za Hidaya

"Barua huulizwa mtaa kwanza, maneno baadaye."

Mmemsikia Mama Kijangwa akimwambia hivyo mwanawe aliponyimwa chumba cha kupanga kwa sababu tu katokea Makopa, nanyi mkauliza barua inahusiana vipi na chumba. Kaeni basi. Na msicheke, maana hadithi hii haichekeshi hata pale inapoonekana kuchekesha. Methali hiyo ilianza hivi.

Hapa Korogwe, mtaa wa Makopa, aliishi Mzee Shemhilu. Miaka thelathini na moja alichambua barua posta, na alipostaafu hakuacha barua, alihama nazo tu. Alisikia kwamba barua pepe za watu hukaa kwenye mashine za makampuni ya ughaibuni, akakereka. "Barua yangu ikalale kwa mtu nisiyemjua?" alisema. Akanunua kompyuta kuukuu, akasoma vitabu, akauliza vijana bila kuona haya, mpaka akawa na seva yake mwenyewe, yaani mashine ya kutuma na kupokea barua, stoo, kati ya gunia la mahindi na ukuta. Majirani wakamwita Bwana Posta. Hakujali.

Kazi yenyewe haikuwa lelemama. Umeme ukikatika aliunganisha betri ya gari. Panya walitafuna waya, akanunua nyingine, wakatafuna tena. Joto lilipozidi aliipepea mashine kwa ungo, mkewe akimtazama asijue acheke au alie. Lakini kila barua ilitoka na muhuri wake wa siri wa kuonyesha haikughushiwa, kama vitabu vilivyoelekeza, na mzee alilala usingizi mnono. Alikuwa na kanuni moja aliyotoka nayo posta: barua isiyofika hurudi kwa mwenyewe. Isiporudi, imefika. Katika miaka yote ya kazi kanuni hiyo haikumwangusha, naye aliiamini kama anavyoamini kuwa kesho kutakucha.

Binti yake Hidaya alikuwa na miaka ishirini na minne. Mara mbili aliomba kusomea ukunga, mara mbili akakosa. Mara ya tatu chuo kimoja cha mbali kikamwandikia kuwa amepata nafasi ya kusomeshwa bure, athibitishe kwa barua pepe ndani ya siku kumi na nne. Waliofikisha miaka ishirini na mitano hawakupokelewa pale. Hii ndiyo ilikuwa ya mwisho, na nyumba nzima ilijua.

"Baba," Hidaya alisema, "nifungue anwani ya bure, ile wanayotumia watu wote, nithibitishe kwa hiyo?"

"Kwani yetu ina kilema gani?"

Kubishana na Mzee Shemhilu juu ya barua kulikuwa kujitafutia siku mbaya. Hidaya akaandika kwa anwani ya nyumbani. Siku ya tano, kimya, akaandika tena. Siku ya kumi akaandika ya tatu.

"Imerudi?" mzee aliuliza.

"Haijarudi."

"Basi imefika. Wakubwa wana shughuli nyingi."

"Niwapigie simu, baba?"

"Ukimpigia mtu uliyemwandikia, unamwambia hajui kusoma. Subiri."

Wakasubiri. Siku kumi na nne zikaisha bila jibu. Mke wa mzee ndiye aliyesema yaliyokuwa vifuani mwa wote: "Mwende. Mkikaa hapa mtasubiri mpaka lini?" Siku ya kumi na sita baba na binti walikuwa mbele ya meza ya Bi Nasra, karani wa kupokea wanafunzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tumefuata majibu ya barua za Hidaya Shemhilu. Aliandika tatu."

Bi Nasra akatafuta kwenye kompyuta yake. Hakuna. Mzee akamwomba atafute tena. Akafungua lile kasha la barua taka, na zote tatu zikawa humo, zimebanwa kati ya matangazo ya dawa za nguvu na salamu za watu wanaogawa bahati nasibu ambayo hujaicheza.

"Nani kazitupa humu?" mzee aliuliza.

"Si mtu, mzee wangu. Ni mtambo. Barua ikibisha hodi, mtambo unaangalia kwanza namba ya mtandao ilikotoka. Namba za mtaa wenu zimo kwenye orodha ya wakorofi. Kuna kompyuta huko inamwaga barua za utapeli kwa maelfu."

"Si yangu!"

"Naamini si yako. Lakini mmewekwa fungu moja."

"Mbona hazikurudi? Barua isiyofika hurudi!"

"Siku hizi hazirudishwi sana. Zinatupwa kimyakimya."

Hidaya ndiye aliyeuliza lililobaki. "Na nafasi yangu?"

Bi Nasra akainamisha macho. "Jana tumempa aliyekuwa akikufuata. Ameshapata kitanda bwenini. Nisamehe, mdogo wangu."

Mzee Shemhilu alishika ukingo wa meza. Alitaka kugomba, akakosa wa kumgombeza. Njia nzima ya kurudi hakuweza kumtazama mwanawe usoni.

Nyumbani alichunguza, akaigundua ile kompyuta korofi. Ilikuwa katika duka la kuchapa karatasi, hatua mia moja kutoka kwake, imeingiwa na virusi, na mwenye duka hana habari. Hata hasira ikakosa pa kutua. Mzee akawaandikia wenye ile orodha, kurasa mbili za heshima, akiwaomba waitoe Makopa. Jibu lilikuja kesho yake, mstari mmoja: barua yako imekataliwa kwa kuwa imetoka kwenye namba iliyo katika orodha. Ndiyo pekee iliyomrudia mwaka ule.

Mwezi uliofuata Hidaya alitimiza miaka ishirini na mitano. Dada wa Mzee Shemhilu akateremka kutoka Lushoto kuja kuwapa pole. Sebule ilikuwa imejaa majirani, naye akauliza waziwazi lile ambalo wote walikuwa wakilinong'ona uani:

"Kwani, mwanangu, uliandika neno gani baya hata wakakutupia barua?"

Aliyejibu ni baba yake, na alijibu huku analia mbele za watu, yeye ambaye hata kwenye msiba wa mama yake mzazi hakuonekana na chozi.

"Aliandika vizuri, dada. Aliandika vizuri mara tatu. Hakuna aliyesoma. Barua huulizwa mtaa kwanza, maneno baadaye."