Tuazi Lililonyamaza

Mficha uchi hazai. Maana yake ni kwamba anayeona haya kufichua shida yake kwa wanaoweza kumsaidia hujinyima msaada huo mwenyewe. Hayo yalimkuta mpiga drams mmoja, mwalimu katika chuo cha muziki, ambaye wenzake walimbandika jina la Saa kwa kuwa mapigo yake hayakuwahi kwenda kombo.

Saa alipiga jazi tangu ujanani na bendi yake ilisifika. Kisha masikio yake yakaanza kulia nziii, kama mbu aliyenaswa chumbani. Punde sauti ya tuazi, ile sahani ya shaba aliyoigonga kwa mkono wa kulia, ikaanza kumpotea. Hofu ikamwingia hadi mifupani. Mpiga drams kiziwi atamfundisha nani? Basi akafanya kosa la wapiga drams: akaligonga tuazi kwa nguvu zaidi ili alisikie. Kadiri alivyogonga ndivyo masikio yalivyozidi kufa, na kadiri yalivyokufa ndivyo alivyogonga. Jukwaani alivikodolea macho vidole vya mpiga besi na kuvifuata.

"Baba watoto, nakuita huitiki," mkewe alimwambia. "Twende kwa daktari wa masikio."

"Kwani nimekuwa jiwe? Nilikuwa nawaza tu."

"Mbona huwazi ila nikikupa mgongo?"

Saa akachukua vijiti vyake, akaenda chuoni. 

Darasani alikuwa na wimbo mmoja tu: "Gonga! Sikusikii!" Siku moja mwanafunzi wake hodari kuliko wote, binti mmoja, alibaki nyuma, akisugua masikio.

"Samahani, mwalimu. Tangu juzi masikio yananilia, nziii, hata nikilala."

 Saa aliujua mlio huo. Akimwambia binti ukweli, itambidi aseme ameujuaje.

"Ndiyo kukomaa huko," akasema. "Masikio hukomaa kama viganja. Endelea na mazoezi."

Binti aliitikia kwa adabu, lakini alipofika nyumbani alimsimulia mama yake.

Tamasha la chuo lilifanyika alasiri, katika ukumbi usio na madirisha. Katikati ya wimbo wa tatu umeme ukakatika. Giza likawa totoro, na vidole vya mpiga besi vikatoweka. Saa akashikilia mapigo kama anayeshika ukuta gizani, akiamini wenzake wako naye. Kumbe kiongozi wa bendi alikwisha sema, "Jamani, basi!" na wote wakaacha.

"Saa imekwama!" mtu mmoja alipaza sauti, na ukumbi ukaangua kicheko. Saa akazidi kugonga. Kicheko kikafifia, kikafa.

Taa zilipowaka, aliona saksafoni imewekwa chini. Aliona besi imeegemezwa ukutani, na wanafunzi wake wameziba midomo kwa viganja. Mikono ikamganda hewani.

"Ndugu yangu," mpiga besi alisema, "tumeacha kitambo. Hukusikia?"

"Nini?" Saa aliuliza.

Hapakuwa tena na cha kuficha. Mkewe alimpeleka hospitali kesho yake. Daktari alimpima, akamwandikia kwenye karatasi: "Kilichokufa hakirudi. Ungekuja mlio ulipoanza, tungeokoa mengi."

Alipotoka, alikutana mlangoni na yule binti na mama yake.

"Sisi tumeambiwa tumewahi," mama alisema, akitamka polepole. "Akipumzika na kuvaa vizibo vya masikio, atapona. Lakini mwalimu, ulimwambia masikio hukomaa. Ulikuwa hujui?"

Saa aliisoma midomo yake, asikose hata neno.

"Nilijua," akasema kwa sauti kubwa mno, hata waliokaa kwenye mabenchi wakageuka. "Niliogopa."

Binti alisema, akapona. Mwalimu wake alificha, akabaki na ukimya. Hakika, mficha uchi hazai.