Ghala la Anyitike

Ufunguo wa ghala hauwekwi ghalani. Mmelisikia neno hili kwa akina mama sokoni, mkaja kuniuliza limetoka wapi. Wengi hudhani ni la wakulima. Sivyo, wanangu. Methali hii ilianza hivi, kwenye kompyuta.

Pale Itope palikuwa na kituo kidogo cha kuangalia mafuriko. Kompyuta yake, yenye mfumo uitwao Linux, ilipokea kwa redio vipimo vya mto kutoka milimani, na maji yakipita alama, ilipiga king'ora huko bondeni. Waliitunza mafundi wawili, Anyitike na Sekela.

Diski ilipojaa, Anyitike aliigawa. Sehemu ndogo ya kuwashia ikabaki na vitu vichache. Programu za mfumo zote akazihamishia sehemu ya pili, akaifunga kwa nywila. Kompyuta haikuzimwa tangu siku hiyo, kwa hiyo hakuna aliyejua ina kasoro.

Masika yalipofika, mchana mmoja radi ilikata umeme na simu zikapoteza mtandao. Umeme uliporudi, kompyuta ilianza kuwaka, kisha ikasimama. Kioo kilikuwa cheusi, kina mstari mmoja tu: sehemu ya mfumo haikufunguka. Nje, mawingu yalikuwa yamemeza milima.

“Ifungue basi,” Sekela alisema. “Nywila si unayo?”

“Ninayo. Programu ya kuipokea ndiyo sina.”

“Iko wapi?”

“Humo humo ndani,” Anyitike alisema. “Niliihamisha pamoja na zingine.”

“Umeweka ufunguo wa ghala ghalani,” Sekela alisema. Mama yake alikuwa bondeni, anapalilia mpunga, na king'ora kilisubiri amri ya kompyuta hiyo hiyo.

Sekela akatoka mbio kuteremka bondeni, ingawa alijua ni mbali. Anyitike akapekua droo mpaka akapata flashi yenye mfumo mwingine wa Linux, akaiwasha kompyuta kwa hiyo. Akakosea nywila, akarudia. Sehemu ya pili ikafunguka. Akaiendesha programu ya kituo, vipimo vikaingia: maji yalikuwa yamepita alama kitambo.

King'ora kikalia. Watu walipanda mlima na watoto mgongoni. Sekela alimkuta mama yake njiani, kanga imelowa hadi kiunoni, hawezi kusema. Mzee mmoja, Mwasomola, alirudi bondeni kuwafungulia mbuzi wake. Hakuonekana tena.

Anyitike aliirekebisha kompyuta: programu ya kupokea nywila akaiweka kwenye ile sehemu ndogo inayowaka kwanza. Kisha akaenda matangani. Mjane wa Mwasomola akamuuliza mbele ya watu kwa nini king'ora kilichelewa. Anyitike hakuficha kitu. Alieleza yote, na maneno ya Sekela pia.

Mjane yule akasema, kwa sauti iliyofika hadi kwa waliokaa nyuma:

“Ufunguo wa ghala hauwekwi ghalani.”