Kipimo cha Kiboko

Hapo kale, wanangu, enzi wanyama walipokuwa na nyumba na kazi zao, Kiboko alikuwa na karakana ya kushona magunia ya katani. Aliyefikisha kipimo cha siku alipewa pishi ya mahindi. Aliyepungukiwa hata gunia moja alirudi nyumbani mikono mitupu.

Kipimo kilianza na magunia kumi. Kuchakuro, mdogo kuliko wote, alikuwa na vidole vyepesi, akamaliza mapema. Kesho yake Kiboko akadai kumi na tano. Kuchakuro akajikaza, akafikisha. Ikawa ishirini. Siku hiyo Ngiri, mama wa watoto watano, alibakiza gunia moja tu, akaondoka analia. Kuchakuro akajisikia vibaya, maana mbio zake ndizo zilizopandisha kipimo.

Asubuhi iliyofuata Tembo alikuja kununua magunia. Kuchakuro akamwendea Kiboko mbele ya mgeni.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Mbona hushoni?"

"Tunabishana. Nyumbu anasema magunia ishirini hata wewe huyawezi. Mimi nasema unashona hata arobaini."

Nyumbu, mshonaji mwenzake aliyekuwa karibu, alitaka kukana, Kuchakuro akamkanyaga mguu.

Kiboko akavimba. "Arobaini kitu gani? Hamsini. Nyie ni wavivu tu."

"Basi shona leo tujifunze. Utakayofikisha hadi jua kuzama, hayo ndiyo yawe kipimo chetu siku zote. Mzee Tembo awe shahidi."

"Nimekubali," Kiboko akasema huku akicheka. Alishayaona magunia hamsini kwa kila kichwa.

Tembo akaketi kungoja, na wengine wakaendelea kushona. Kiboko akashika shazia, ile sindano nene ya magunia. Vidole vyake vilikuwa kama mihogo. Uzi ukamponyoka. Akautunga tena, akajichoma. Akavuta kwa nguvu, tap, ukakatika. Hadi adhuhuri alikuwa na gunia moja. La pili alilishona pamoja na kikoi chake, akainuka nalo likining'inia kiunoni. Ngiri alicheka mpaka akakaa chini.

Jua lilipozama, magunia yalikuwa matatu.

"Leo mgongo unaniuma," Kiboko akanung'unika. "Tutapima kesho."

"Umekubali mbele yangu, kipimo ni matatu," Tembo akasema. "Mimi sinunui magunia kwa kigeugeu."

Kiboko akamtazama Kuchakuro. Akafungua ghala, akaanza kupima mahindi, na jioni ile hakuna aliyeondoka bila pishi yake.

Basi shikeni hili, wanangu: anayewapangia wenzake kazi, kwanza aifanye kwa mikono yake mwenyewe.