Mzee Kombo na Mlango wa Shimo

Hapo zamani za kale sana, watoto, wanyama walipokuwa bado wakibishiana hodi, aliishi Mzee Kombo, ngiri. Nasema ngiri, si nguruwe-mwitu. Ngiri ndiye hukaa shimoni.

Kila jioni watoto wake walitangulia ndani, naye akafuata kinyumenyume, makalio kwanza. Uso wake na meno yake marefu vikabaki mlangoni.

Siku moja Chui akampitia. "Ha! Mzee mzima unaingia kwako kama mwizi wa kuku! Mwanamume huingia kwa kichwa!"

Maneno yakamchoma. Jioni hiyo, puu! akatumbukia kwa kichwa. Mkia ukabaki mlangoni, ukitikisika.

Asubuhi, walipotoka nje, binti yake mdogo, Siwema, akamwona Chui majanini, akiupima mlango kwa macho huku akijilamba. Shimo lilikuwa jembamba. Baba asingeweza kugeuka. Angeliwa kuanzia nyuma!

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Naomba radhi, baba. Chui anatunyemelea. Ile njia ya zamani ya kuingia ilikuwa salama zaidi."

"Nyamaza! Nimekuzaa mimi, leo unifundishe mlango wangu?"

"Nisamehe, baba."

Hakununa, wala hakumsema baba kwa ndugu zake. Alikwenda kumchimbia mizizi mitamu, akangoja ashibe. Mzee alipocheua, beuu! Siwema akasogea.

"Baba, nauliza tu. Mgeni akibisha hodi, nani humwitikia?"

"Mimi, mwenye nyumba! Nani mwingine?"

"Basi leo jioni jirani yetu Mzee Kobe akija kukuamkia, ataamkia nini?"

Mzee Kombo akageuka kuutazama mkia wake. "Ala!"

"Naona uchungu, baba, heshima yako ipokelewe na mkia."

"Haiwezekani! Leo uso wangu utakaa mlangoni. Nimeamua mwenyewe!"

"Umeamua vyema, baba."

Jua lilipozama, Chui akaja, nyatu, nyatu. Shimoni giza, alidhani mkia uko palepale. Akaruka. Kwacha! Akakutana na meno.

"Yalaa! Pua yangu!"

"Hodi hubishwa, bwana!" akanguruma Mzee Kombo.

Chui akatimka, damu ikimchuruzika, asirudi tena.

"Mmeiona akili ya baba yenu?" Mzee akajigamba. Watoto wakashangilia.

"Tumeiona, baba," akasema Siwema.

Mzee akamtazama. Kisha akamsogezea mzizi mkubwa kuliko yote.

Hivyo ndivyo mtoto mwema humrekebisha mzazi wake: kwa adabu, bila kuchoka, na bila kumwaibisha.