Kwa Nini Vijana Hukwama Mstari wa Pili

Acha kubetua midomo. Hujasikia hata neno, umeshaniita mwongo kwa macho. Haya, kaa na ubishi wako. Kisa hiki hakikuombi ruhusa.

Zamani, kule milimani, watu waliandika kwa mwiba juu ya jani la mgomba. Jani lilikuwa pana, na ilikuwa aibu kulipeleka nusu tupu. Mtu alianza kwa kukujulia hali, akapita kwa mifugo na mvua, ndipo akafika kwenye shida yake. Jani lilibebwa kichwani, likafika kesho yake.

Kesho yake ilikuwa mbali mno kwa Mbonea, kijana aliyempenda Nakijwa wa ng'ambo ya bonde. Akafuga mbayuwayu wa kumpelekea maneno. Lakini mbayuwayu ni ndege mdogo. Alikubali kubeba jani la mkwaju tu, lisilozidi ukucha.

"Umeamka?"

"Nimeamka."

"Umekula?"

"Bado."

Ndege alikwenda na kurudi kutwa, na Nakijwa akawa anacheka peke yake jikoni. Tusidanganyane, yalikuwa matamu. Vijana wote wakafuga mbayuwayu.

Ikafika siku ya posa. Desturi ilikuwa ile ile: mposaji aandike jani zima la mgomba mbele ya wazee, aeleze yeye ni nani na kwa nini apewe binti wa watu. Asipolijaza, hapewi. Mbonea akashika mwiba, akaandika: "Nampenda." Kisha akatazama dirishani, ndege aje achukue.

Shangazi yake Nakijwa akalisoma jani, akaligeuza, akachungulia upande wa pili.

"Ndiyo basi?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mwanangu, hii ni posa au unapiga hodi?"

Wazee wakaangua kicheko. Nakijwa, aliyekaa kando ya shangazi yake, hakucheka. "Andika, Mbonea," alinong'ona. "Andika hata habari za ng'ombe wenu."

Mbonea alitaka. Moyo wake ulikuwa umejaa, hilo alilijua mwenyewe. Ila njia ya maneno marefu haikuwa imepitiwa siku nyingi, ilikuwa imeota magugu. Akaweka mwiba chini ya lile neno moja, mkono ukagoma.

Na tangu siku hiyo, mpe kijana ukurasa mzima uone. Mstari wa kwanza ataandika mbio. Wa pili atakwama, ainue macho kama anayengoja kitu kije kimpokee.

Nakijwa aliungoja mstari wa pili mpaka jani likanyauka. Kisha akasimama, akatoka, akafunga mlango.