Nani Apewe Karani?

Walikuwepo ndugu watatu wa mama mmoja, kila mmoja na kipaji chake. Somoe, fundi wa kushona, vidole vyake viliona kabla ya macho. Kombo hakutumia kitu bila kusoma maandishi yake yote, hata yale madogo ya chini. Mwajabu, kitinda mimba, hakuchoka kurudia jambo lilelile.

Mama yao alifariki. Hawakulia. Miezi mitatu baadaye waligawana vyombo, kitanda na makabati bila hata kubishana. Nyumba ilikuwa ya kupanga, kesho yake inarudishwa. Alibaki Karani, paka wa mama, kitu pekee chake kilichokuwa bado kinapumua. Wote watatu walimtaka.

Mjomba wao Makame, msimamizi wa mgawanyo, akasema, "Aliyemponya ndiye amchukue."

Somoe ndiye aliyegundua. Wiki ya kwanza ya msiba Karani alianza kunyonyoka, watu wakasema anamlilia bibi yake. Somoe alimpakata, akapitisha kidole nyuma ya sikio. Akakuta duara la ukubwa wa kifungo cha koti, lenye magamba, nywele zimekatika kama kwa mkasi butu.

"Huzuni haichori duara," alisema. "Huyu anaumwa."

Kombo ndiye aliyezuia kifo. Mjomba Makame, mfugaji, alikuwa amekwisha kuchanganya dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye beseni, Karani yuko mkononi mwake.

"Mjomba, ngoja nisome kopo."

"Usome nini? Ng'ombe wangu kumi na saba hawajui kusoma, na wamepona!"

Kombo alisoma mpaka mstari wa mwisho: isitumike kwa paka. Paka hujilamba, na dawa ile ni sumu kwake. Akamnyakua Karani juu ya beseni. Kucha zikamchana shingo.

Mwajabu ndiye aliyetibu. Alimpeleka kwa daktari wa mifugo, ambaye aling'oa nywele chache, akazipima, akasema ni fangasi, na huambukiza watu pia. Mwajabu alimtenga chumbani kwa mama, akampaka dawa asubuhi na jioni kwa wiki nane. Naye akatokwa na duara mkononi. Alichemsha kila kitambaa alichokilalia Karani, pamoja na kanga ya mama ambayo walikuwa wamekubaliana isifuliwe.

"Ulifua harufu ya mama," Somoe alimwambia mbele ya mjomba. Hakupandisha sauti.

"Daktari alisema kila kitambaa, dada."

"Najua alichosema."

"Bila mimi," Kombo akasema, "kusingekuwa na paka wa kufuliwa vitambaa."

"Na bila Somoe?" mjomba akauliza.

Karani alikaa katikati ya mkeka akijilamba, manyoya mapya mafupi yamejaa nyuma ya sikio.

Mjomba Makame akainuka. "Beseni lile nililijaza mwenyewe," alisema. "Mimi siwezi kuhukumu." Akavaa makubadhi, akatoka.

Basi kazi imewaangukia ninyi mnaosikiliza. Yuko aliyegundua, yuko aliyezuia, yuko aliyetibu na kufua kanga. Paka ni mmoja, na kesho mlango unafungwa.

Je, wewe ungeamua vipi?